Ufa, Kiraka na Subira ya Fundi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hao hao wakaonya kwamba haraka haraka haina baraka. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kuwa methali hukinzana, na kwamba ukinzani huo si kasoro bali ni hekima, kwa kuwa kila methali ina mahali pake. Hata hivyo, ni nadra kumpata mtu ambaye kazi yake ya kila mwezi ni kusimama katikati ya methali hizo mbili, hii ikimvuta mkono wa kulia na ile ikimvuta wa kushoto. Mtu huyo ni fundi wa tarakilishi katika kampuni, na kinachomweka katika hali hiyo ni kitu kiitwacho kiraka.

Fundi mmoja wa aina hiyo alizaliwa Mombasa na kulelewa na mama aliyekuwa na cherehani moja katika soko la Kongowea. Hivi leo amepewa dhamana ya tarakilishi 340 za kampuni ya kusambaza bidhaa, yenye makao makuu Nairobi na matawi Mombasa, Kisumu na Eldoret. Kila Jumanne ya pili ya mwezi, watu wa nyumbani kwake wanajua kwamba atakula chajio huku jicho moja likiwa kwenye kioo cha kipakatalishi. Mnamo saa mbili au saa tatu za usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kutegemea majira ya Marekani, kampuni ya Microsoft hutoa viraka vya mwezi huo. Desturi hiyo ilianza Oktoba 2003. Kabla ya hapo viraka vilimiminika mara kwa mara mwezi mzima, na mafundi walikuwa hawajui walale lini. Siku maalumu iliwekwa ili fundi aweze kupanga kazi yake mapema.

Neno lenyewe lina historia inayostahili kutazamwa na mwanafunzi wa lugha. Katika tarakilishi kubwa ya Harvard Mark I, iliyoanza kutumika mwaka 1944, maagizo yalitobolewa kama matundu kwenye ukanda wa karatasi. Tundu likitobolewa mahali pasipofaa, lilizibwa kwa kubandika kipande cha karatasi juu yake. Kiraka cha tarakilishi, basi, kilikuwa kiraka hasa, cha kushikwa kwa mkono, kabla hakijawa maandishi yasiyoonekana yanayosafiri kwenye mtandao. Kiswahili kilipoliita jambo hilo kiraka hakikukosea hata kidogo.

Tatizo ni kwamba kwa Waswahili kiraka hakitajwi bila haya. Mwenye nguo ya viraka ni fukara, na hata barabara yenye viraka ni ushahidi kwamba fedha za umma zimeliwa. Kwa sababu hiyo, mkubwa wa kampuni akiambiwa kwamba mitambo yake inahitaji viraka kila mwezi, huhisi kana kwamba aliuziwa vitu vibovu. Ukweli ni kinyume cha hisia hiyo. Mfumo unaoendesha tarakilishi una mamilioni ya mistari ya maagizo, na kila mstari uliandikwa na binadamu, kiumbe asiyekosa kukosea. Nyufa hugunduliwa kila uchao. Jambo linalotisha zaidi ni hili: siku kiraka kinapotangazwa, ufa nao huwa umetangazwa. Wahalifu hukichukua kiraka, wakalinganisha programu ilivyokuwa na ilivyo sasa, wakatambua ukuta ulikuwa dhaifu wapi, kisha wakaenda kuwatafuta wale ambao hawajaziba. Tangu saa hiyo, tarakilishi isiyo na kiraka ndiyo yenye aibu.

Mwaka 2017 ulitoa somo ambalo kila fundi amelihifadhi moyoni. Tarehe 14 Machi mwaka huo, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa katika njia ambayo tarakilishi za Windows huitumia kupashana faili. Tarehe 14 Aprili, kundi lililojiita Shadow Brokers lilianika hadharani zana ya kuupenyea ufa huo. Ijumaa ya tarehe 12 Mei, siku 59 tangu kiraka kitolewe, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilianza kuruka kutoka tarakilishi moja hadi nyingine, ikifunga faili za watu na kudai fidia. Tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika. Nchini Uingereza, hospitali za umma zilijikuta hazina rekodi za wagonjwa. Ilikadiriwa kwamba zaidi ya miadi 19,000 ya matibabu ilifutwa, na katika maeneo matano wagonjwa wa dharura walilazimika kwenda mbali zaidi kutafuta huduma. Taasisi hizo zilikuwa zimetumiwa tahadhari ya kuziba ufa huo tarehe 17 Machi, na nyingine tarehe 28 Aprili. Kiraka kilikuwepo, bei yake ilikuwa bure, nao muda wa kukishona ulikuwa umetosha.

Fundi wa Nairobi alikuwa mgeni kazini wakati huo. Alisoma habari hizo akaapa kwamba kwake hakitapita kiraka chochote bila kushonwa usiku ule ule. Kwa miaka kadhaa kiapo hicho kilimfaa. Tarakilishi zilipokea viraka Jumanne usiku, zikaamkia kazi Jumatano asubuhi, na hakuna aliyejua kwamba kuna mtu aliyekesha.

Ndipo ikaja asubuhi moja ya mwisho wa mwezi. Usiku wake alikuwa amekipeleka kiraka kimoja kwa tarakilishi zote kwa pamoja, kama ilivyokuwa ada yake. Kiraka hicho hakikupatana na mashine za kuchapishia ankra. Kila karani wa bohari alipotoa amri ya kuchapisha, kioo kiligeuka rangi ya samawati na tarakilishi ikazimika. Bila ankra, lori haliruhusiwi kutoka getini. Kufikia saa nne malori yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani, madereva wakaketi kivulini wakiuliza kulikoni, nao makarani wakarudia kalamu na karatasi ya kaboni. Fundi alizunguka meza baada ya meza akiking'oa kiraka alichokishona yeye mwenyewe. Matawi ya mbali aliyaelekeza kwa simu, neno kwa neno. Alipomaliza, adhana ya magharibi ilikuwa imeshasikika.

Jioni hiyo mkurugenzi alimwita ofisini. Hakumkaripia. Alimwambia tu, "Kijana, kuanzia leo usiguse kitu ambacho hakijaharibika." Fundi aliinamisha kichwa akajibu, "Nimesikia, Bwana Mkurugenzi." Angejibu nini kingine? Malori yalikuwa yameonekana na kila mtu. Ufa ulikuwa umeonekana na yeye peke yake.

Miezi mitatu ilipita bila kiraka hata kimoja kushonwa. Kampuni ilitulia. Wafanyakazi walifurahi kwamba vile vidirisha vya kuwaomba wazime na kuwasha upya havikuja tena. Mkurugenzi aliuona utulivu huo kuwa uthibitisho wa amri yake. Fundi naye alihesabu. Kila Jumanne ya pili aliandika katika daftari lake nyufa zilizotangazwa, akazipigia mstari zile ambazo tayari zilijulikana kutumiwa na wahalifu, maana tangu mwaka 2021 shirika la serikali ya Marekani la usalama wa mitandao huchapisha orodha ya nyufa za namna hiyo. Mistari iliongezeka. Kama lingetokea la kutokea, mishahara ya watu na madeni ya wateja vyote vilikuwa ndani ya tarakilishi zile, na jina la kulaumiwa lilijulikana.

Alipokwenda Mombasa kwa mapumziko, alimkuta mama akirekebisha sare ya shule. Alimweleza yaliyomsibu, akijitahidi kuyaepuka maneno ya kitaalamu. Mama alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. Kisha akasema, "Mwanangu, kitambaa kipya hurudi kikifuliwa. Ukikishona juu ya nguo kuukuu kabla hujakifua, siku ya kufua kitaivuta nguo na kuipasua pale palipokuwa pazima. Kiraka hufuliwa kwanza, kikaanikwa, kikaonekana kimetulia. Hukushona kiraka kibaya. Hukukifua."

Katika maneno hayo fundi aliona kwamba alikuwa amekosea mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kuziba ufa ni kitendo kimoja, ilhali ni mfululizo wa vitendo. Kosa la pili lilikuwa kunyamaza alipoambiwa asiguse, ilhali alikuwa na hoja ya kutoa.

Aliporejea Nairobi alianza na daftari. Mtu hawezi kuziba ufa wa nyumba asiyojua kama anayo. Aliorodhesha kila tarakilishi: iko wapi, inaendeshwa na mfumo gani, ina programu zipi, na nani anaitumia. Kazi hiyo ni ya kuchosha na haina sifa, lakini kuikosa kuna gharama yake. Mwaka 2017 ule ule, Equifax, kampuni ya Marekani inayoweka rekodi za mikopo ya watu, ilipata habari za ufa katika programu iitwayo Apache Struts. Kiraka kilitolewa tarehe 7 Machi. Siku mbili baadaye barua pepe ilisambazwa kwa mamia ya wafanyakazi ikiamuru ufa huo uzibwe katika muda wa saa 48. Uchunguzi wa Seneti ya Marekani ulibaini kwamba mtayarishaji programu aliyejua kuwa Apache Struts ilikuwa ikitumika hakuwemo katika orodha ya waliopelekewa barua hiyo. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaibwa. Amri ilikuwa sahihi na muda ulikuwa mfupi ipasavyo, ila ujumbe haukumfikia mwenye nyumba.

Hatua ya pili ilikuwa kufua kiraka. Fundi alichagua tarakilishi kumi, si zile za idara yake ambazo zote zinafanana, bali moja au mbili kutoka kila idara: uhasibu, mauzo, bohari, hata ya mhazili wa mkurugenzi. Kiraka kikitoka, hupelekwa kwanza kwa hizo kumi. Siku ya pili na ya tatu makarani wake huchapisha ankra, hufungua vitabu vya hesabu na kutuma barua, naye husikiliza malalamiko. Pakiwa kimya, kiraka huenda kwa tawi moja, kisha kwa matawi mengine, na mwisho kwa seva, ambazo hushughulikiwa usiku wa Jumamosi baada ya nakala ya akiba kuchukuliwa. Wiki ya mwisho wa mwezi haiguswi, ila kwa dharura. Na dharura ina maana yake: ufa ambao wahalifu wameshaanza kuupenyea hausubiri siku tatu, bali kundi la majaribio hupewa saa chache tu. Kwa njia hiyo methali zile mbili zilipata kila moja mahali pake. Uzito wa ufa ndio unaoamua ni ipi isikilizwe kwanza.

Hatua ya tatu ilikuwa kuhakikisha. Kiraka kilichopakuliwa lakini tarakilishi haijawashwa upya mara nyingi hakijashonwa. Kimewekwa tu juu ya meza pamoja na sindano. Vipakatalishi vya wauzaji, ambavyo huzunguka mashambani wiki nzima, vilikuwa vinara wa udanganyifu huo. Fundi akawa kila Ijumaa anatazama ripoti na kuuliza, si ni tarakilishi ngapi zilizotumiwa kiraka, bali ni ngapi zinazokivaa.

Ilibaki barua ya kumwandikia mkurugenzi, na tangazo la kuwaandikia wafanyakazi. Hapo ndipo fundi alipokutana na ufa mwingine, ufa wa lugha. Matangazo yake yote ya awali yalikuwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, yakiwa yamejaa namba za viraka na majina ya mifumo. Watu waliyafungua na kuyafunga. Walipoletewa kidirisha cha kuwaomba wawashe upya, walibonyeza palipoandikwa baadaye, na baadaye hiyo haikufika kamwe. Safari hii aliandika hivi:

"Ndugu wafanyakazi, makufuli ya tarakilishi zetu yamelegea na wezi wanajua. Jumatano tutabadilisha makufuli ya tarakilishi kumi. Zikikaa salama tutaendelea na nyingine. Ukiombwa kuizima na kuiwasha upya tarakilishi yako, hifadhi kazi yako kwanza, kisha kubali siku hiyo hiyo. Kama unatumia tarakilishi ambayo haijawahi kukuletea ombi hilo, tafadhali nipigie simu."

Kwa mkurugenzi aliongeza ukurasa mmoja. Aliandika ni nyufa ngapi zilizo wazi, ni zipi zinazotumiwa na wahalifu, kitakachosimama zikipenywa, na jinsi atakavyoking'oa kiraka kikileta balaa kabla hakijavuka tarakilishi ya kumi. Mkurugenzi aliisoma mara mbili. Alimuuliza swali moja tu: "Yale malori yatasimama tena?" Fundi alijibu kwamba hawezi kuapa, lakini yakisimama litasimama moja, si yote. Ruhusa ikatolewa.

Adhuhuri ya siku tangazo lilipobandikwa, simu ililia kutoka tawi la Kisumu. Alikuwa karani wa kike wa bohari. "Kaka, hii tarakilishi ya mizani haijawahi kuniuliza chochote tangu niajiriwe." Fundi alifungua daftari lake. Tarakilishi ya mizani haikuwemo. Ilikuwa imefungwa na waliouza mizani, ikaendeshwa na mfumo mkongwe ambao mtengenezaji wake alikuwa ameshaacha kuutolea viraka, na waya wake wa mtandao ulikuwa umechomekwa pamoja na tarakilishi za uhasibu. Nguo hiyo haikuwa na kitambaa cha kuitilia kiraka. Fundi aliitenga na mtandao wa kampuni, ikabaki kupima magunia tu, na hesabu zake zikawa zinachukuliwa kwa mkono. Tangazo la mistari michache kwa Kiswahili lilikuwa limeonyesha kile ambacho daftari lote lilikikosa.

Mpango huo ulipata mtihani wake tarehe 19 Julai 2024. Saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Nairobi, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho dogo la data kwa programu yake ya ulinzi. Sasisho hilo liliifanya programu isome sehemu 21 za taarifa mahali palipokuwa na 20. Tarakilishi zipatazo milioni 8.5 duniani zikazimika na kukataa kuwaka. Kosa liligunduliwa na sasisho likaondolewa baada ya dakika 78, lakini tarakilishi zilizokwisha kuanguka nyingi zilihitaji mtu wa kuzifikia moja moja. Ndege zilibaki viwanjani, hospitali na benki zikakwama. Hakuna mwizi aliyehusika. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyeziangusha, kwa kuwa sasisho lilipelekwa kwa wote kwa mara moja. Baada ya hapo kampuni hiyo iliahidi kupeleka masasisho yake kwa awamu na kuwapa wateja uwezo wa kuchagua wakati.

Kampuni ya fundi haikuwa ikitumia programu hiyo, na wenzake walimpongeza kwa bahati. Yeye hakushangilia. Alikaa mchana kutwa akijiuliza swali lililomtia baridi: je, katika tarakilishi zake, ni programu zipi zinazojishonea viraka zenyewe bila kupitia kwa zile kumi? Alikuta tatu. Mbili alizirekebisha. Ya tatu haikumpa nafasi hiyo, akaiandika katika daftari kwa wino mwekundu.

Alijua pia kwamba kiraka chenyewe kinaweza kutiwa sumu. Tarehe 27 Juni 2017 programu hasidi iitwayo NotPetya ilienezwa kupitia masasisho ya programu ya uhasibu ya Ukraine, M.E.Doc. Kampuni ya meli ya Maersk, iliyokuwa mmoja wa waathiriwa, ililazimika kusimika upya seva 4,000 na tarakilishi 45,000 kwa muda wa siku kumi hivi. Orodha kuu ya mtandao wake ilikuwa imefutika kila mahali isipokuwa katika ofisi moja nchini Ghana, ambako umeme ulikuwa umepotea na seva ikawa imezimika wakati wa shambulio. Kampuni ya dunia nzima iliokolewa na giza la siku moja Afrika Magharibi. Fundi aliposimuliwa kisa hicho alicheka, kisha akaenda kununua diski ya nakala ya akiba ambayo huchomolewa na kufungiwa kabatini. Alisema umeme wa Nairobi hukatika mara kwa mara, ila hauwezi kuaminiwa kukatika wakati unapohitajika.

Kazi ya namna hii haina sherehe. Ukuta usioanguka hausifiwi, na nguo iliyoshonwa vizuri huonekana kana kwamba haikuchanika kamwe. Malori hutoka getini, mishahara huingia, na wengi huamini kwamba tarakilishi hujiendesha. Katika ofisi ya fundi kuna sanduku la bati la biskuti alilopewa na mama, lenye vipande vya vitambaa vilivyofuliwa na kukunjwa. Hana cha kuvifanyia. Jumatano asubuhi, baada ya Jumanne ya pili, hukaa karibu nalo akingoja mlio wa mashine ya kuchapishia ankra kutoka bohari ya chini. Mashine ikilia, hunywa chai yake. Kisha hufungua daftari na kuhesabu siku zilizobaki kabla tarakilishi 330 nyingine hazijavaa.